Jinsi Habari ya Mbuzi Ilivyopanda

Mwaka ule nilikuwa nimeacha utangazaji katika redio moja ndogo ya Masasi, na tangu niache sikuwa nimetulia. Mchana nilikaa kwenye steshenari ya dada yangu nikitoa fotokopi, na kati ya mteja mmoja na mwingine niliandika habari kwenye jukwaa moja la mtandaoni. Jukwaa lile halikuwa na mhariri. Yeyote aliweka habari yake, na wasomaji ndio walioipandisha kwa kuibonyezea dole. Ikipendwa inakwenda juu kabisa, ambako kila anayefungua simu anaiona. Isipopendwa inashuka, mpaka wewe mwenyewe uliyeiandika unaitafuta huioni.

Niliingiwa na ugonjwa wa kuchungulia. Naweka karatasi kwenye mashine, nachungulia. Napokea chenji, nachungulia. Mteja ananiambia nakala za pande mbili, namtolea za upande mmoja. Mume wangu alikuwa akiniuliza jioni, "Habari za kutwa?" nami nikawa namsimulia habari za watu nisiowajua, wa mikoa nisiyowahi kufika, hadi siku moja akaniambia, "Nilikuwa nakuuliza wewe."

Sikuwa nikitafuta sifa tu, ingawa nazo nilizitaka. Kilichonikosesha raha ni kwamba sikuelewa kwa nini hii inapanda na ile inazama. Niliandika kuhusu ubwiri unga, ule ugonjwa unaonyausha maua ya mikorosho. Nilikwenda shambani, nikaongea na bwana shamba, nikapiga picha nzuri. Wakulima wenyewe wamo tele kwenye jukwaa lile, wakapita kama hawakuiona. Siku hiyohiyo mtu aliweka picha ya bwana harusi aliyesinzia kwenye kiti chake huku bibi harusi akikata keki peke yake, ikakaa juu kutwa nzima. Watu walibishana kama ndoa ile itadumu, na wengine walitukanana kabisa, kwa ajili ya usingizi wa mtu mmoja.

Mwezi wa sita nikapanda kwenda Kitangari kwa mama mdogo wangu, mdogo wake marehemu mama. Pampu ilikuwa imeharibika na mabomba yalikuwa makavu, wanawake wamerudia kushuka bondeni kuteka maji kama walivyofanya bibi zetu. Niliona hii ndiyo habari. Asubuhi nikashuka nao. Kushuka si kazi. Ni kupanda na ndoo kichwani ndiko kunakomwambia mtu umri wake. Niliporudi miguu ilikuwa ikitetemeka, nikaketi barazani nikaandika habari ndefu ya maji, nikaiweka.

Sikuwa nimemaliza kuchungulia kama imepata dole la kwanza, nikasikia mama mdogo anapiga kelele nyuma ya nyumba.

"Wewe! Nani kakuleta?"

Nilikimbia nikidhani ni mwizi. Alikuwa mbuzi. Mbuzi jike wa rangi ya kahawia, kamba iliyokatika inaning'inia shingoni, amejaa vumbi mpaka kwenye kope. Mama mdogo alikuwa amempeleka Chiwata kwa binti yake aliyejifungua, kuwa zawadi ya mjukuu. Sasa mbuzi amekata kamba kule Chiwata na kurudi mwenyewe, akipita mbuga, mashamba na vijiji vyote vile, bila mtu wa kumswaga.

Mama mdogo alishika kiuno akamtazama. "Mimi mwenyewe nikienda Chiwata nauliza njia," alisema.

Tulicheka. Nikampiga picha mbuzi akinywa maji tuliyohangaika kuyapandisha, nikaandika mistari michache: mbuzi aliyepelekwa Chiwata amerudi mwenyewe Kitangari, na mwenye mbuzi hajui alipita wapi. Sikuifikiria sana.

Baadaye mwanambuzi wake akarudi kutoka malishoni. Mama mdogo alidhani ameshaacha kunyonya, ndiyo sababu alimbakisha. Alipomwona mama yake alimrukia, akapiga magoti, akanyonya akitingisha mkia, na sote tukaelewa. Niliongeza maelezo hayo chini ya ile habari. Lakini nilikuwa nimechelewa. Habari ilikuwa imeshapanda, na watu hawakuwa wakisoma tena. Walikuwa wakiulizana. Wengine walisema ni mzimu wa marehemu, wengine mtu kageuzwa. Mmoja aliapa kwamba babu yake naye alikuwa na mbuzi wa namna hiyo, na hakufa vizuri.

Habari ya maji ilikuwa chini huko, sijui wapi.

Nilirudi Masasi nikiwa na furaha. Kwa mara ya kwanza jina langu la jukwaani lilikuwa juu. Siku iliyofuata nikakuta ukurasa mwingine umeichukua picha yangu na kuipa kichwa kipya: "Bibi wa Kitangari na Siri ya Mbuzi Wake." Hapakuwa na Chiwata wala mwanambuzi. Palikuwa na bibi, siri, na alama za kuuliza. Iliipita yangu kwa mbali.

Kisha mama mdogo akapiga simu. Alikuwa hapigi simu hovyo.

"Mwanangu, watu wanakuja kumtazama mbuzi."

"Watu gani?"

"Siwajui. Jana walikuja na pikipiki. Mmoja ameomba manyoya ya mkiani." "Na jirani hapa hasemi nami. Mikorosho yake imeingiwa na ubwiri. Anasema imeanza mbuzi aliporudi."

Furaha yote ilinitoka. Kwetu mwanamke mjane, mzee, anayeishi peke yake, likishatajwa neno uchawi karibu na jina lake halichukui muda kukua. Nilimwomba dada ruhusa, nikatafuta pikipiki, nikaenda kwanza Newala mjini, kwa mwenye ule ukurasa, ambaye alikuwa ametangaza hapo kibanda chake.

Nilimkuta kwenye kibanda cha kutengeneza simu, karibu na stendi. Kijana mchangamfu, mwenye bisibisi mkononi. Alinikaribisha kwenye kigoda kama mteja.

"Dada, karibu. Simu imefanyaje?"

"Simu haijafanya kitu. Wewe ndiye umefanya. Yule bibi wa mbuzi ni mama yangu mdogo."

Hakukasirika. Nadhani hata hakuona aibu, mwanzoni. Alinionyesha ukurasa wake kwa fahari, kama mkulima anayemtembeza mgeni shambani.

"Sikiliza dada. Watu hawapendi kuambiwa, wanapenda kuuliza. Ukiwapa habari iliyokamilika, wanasema sawa, wanapita. Ukiwaachia tundu, kila mtu anaingiza kidole chake. Mnyama, ndoa, uchawi, mkubwa aliyeanguka mbele za watu, hivyo havikosi. Na mtu awe anajulikana anatoka wapi. Ukisema Kitangari, wa Kitangari wote watakuja kukana, na wa kwingine watakuja kuwacheka."

"Na maji?"

"Maji?" Alitabasamu kwa huruma kabisa. "Maji kila mtu anajua hayapo. Atabonyeza dole la nini?"

Yale maneno niliyatafuta mwaka mzima, na nilipoyapata sikuyapenda. Nilimweleza kuhusu jirani na mikorosho. Hapo ndipo alipoacha kuchezea bisibisi. Yeye naye alikuwa na bibi, kijijini kwao, anayeishi peke yake. Alisema kuifuta hakusaidii maana wengine wanayo, ila atakwenda nami Kitangari apige video ya mbuzi na mtoto wake, aiweke. Nilijua moyoni anafuata habari. Nilikubali, maana sikuwa na njia nyingine.

Tulikuta mwenyekiti wa kijiji ameshaita watu kwenye uwanja wa ofisi kusikiliza malalamiko ya jirani, saa nne asubuhi ya jua kali. Mama mdogo alikuwa amesimama katikati, kanga yake imefungwa kiunoni, kamba ya mbuzi mkononi. Nilimsalimia, "Shikamoo mama," akajibu "Marahaba" bila kunitazama. Alikuwa na hasira kuliko hofu, na hilo lilinipa nguvu.

Jirani alipewa nafasi ya kusema. Nilimfahamu tangu utoto. Alikuwa mtu mpole, mnyamavu, aliyetupa ming'oko, vile viazi vya porini, iliyochemshwa, tukipita kwake. Siku ile sauti yake ilikuwa ya mtu asiyelala. Alieleza jinsi maua yalivyonyauka, mti baada ya mti. Watu walimsikiliza, wengine wakitikisa kichwa, maana ubwiri ulikuwa umewagusa wengi. Angekuwa ameishia hapo sijui mambo yangekwendaje. Lakini alitaka kuthibitisha.

"Mbuzi huyu si mbuzi," alisema akimnyooshea kidole. "Mtazameni. Hana kivuli!"

Jua lilikuwa kali na kivuli cha mbuzi kilikuwa kimelala juu ya miguu ya jirani mwenyewe, mpaka pembe zinaonekana.

Mtu mmoja akacheka nyuma, halafu uwanja mzima. Mama mdogo hakucheka. Alilegeza kamba, akamwita mwanambuzi aliyekuwa ameshikwa na binti mmoja pembeni, naye akaja mbio akajitupa chini ya mama yake akanyonya mbele ya watu wote.

"Amefuata mtoto wake," mama mdogo alisema. "Nani kati yenu asingefuata?"

Mwenyekiti akafunga mkutano. Akina mama wakamzunguka mama mdogo, wakamshika mikono. Nilimshukuru Mungu, nikadhani yamekwisha.

Yalikuwa yamekwisha kwake tu. Kijana wa Newala aliweka video yote kama alivyoahidi, na kwa heshima, na maelezo sahihi. Watu wakaichukua wakakata kipande kidogo: jirani, kidole, "Hana kivuli!", na kivuli kile. Kilipanda kuliko chochote nilichowahi kuona. Wakakiwekea muziki. Watu wa mbali wakawa wanasimama karibu na ng'ombe, karibu na gari, karibu na mama wakwe zao, wanasema kwa sauti yake, "Hana kivuli!" Masasi mteja aliingia steshenari akaniambia hivyo kuhusu mashine ya fotokopi. Nilicheka naye. Kisha nikatoka nje nikasimama barabarani, sijui nilikuwa nimefuata nini.

Kitangari nako watoto walimwimbia jirani njiani. Msikitini watu walikwepa macho yake wasije wakacheka. Asubuhi moja mlango wake ukakutwa umefungwa. Alikuwa amekwenda Mkunya kwa dada yake mkubwa. Mama mdogo ndiye aliyenipa habari hiyo kwa simu, na sikusikia furaha kwenye sauti yake.

"Huu ni wakati wa kupulizia dawa ya salfa," alisema. "Miti yake nani ataipulizia?"

"Mama, huyu mtu alitaka kukumaliza."

"Najua alichotaka. Nakuuliza kuhusu miti."

Nilijua ataenda, na nilijua sitaweza kukaa Masasi nikisubiri simu. Tulikwenda Mkunya pamoja. Tulimkuta nyuma ya nyumba ya dada yake, anamenya muhogo kama mgeni asiyetaka kuonekana mzigo. Alipotuona aliinuka, akapangusa mikono kwenye suruali, akatazama chini.

"Umekuja kunicheka, dada?"

"Wanaokucheka wanatosha," mama mdogo alisema. Aliketi bila kukaribishwa, akachukua kisu kingine akaanza kumenya naye. Mimi sikuweza kukaa. Nilisimama, nikaketi, nikasimama tena. Mwishowe mama mdogo akasema, "Nimekuja kukuambia miti yako bado ina maua upande wa bondeni. Ukiendelea kukaa huku nayo yatakufa. Na safari hii utamsingizia nani?"

Jirani alichukua muhogo mwingine akaukata. "Siku ile nilikuwa sijalala," alisema. "Nilipofumba macho niliona miti tu. Niliposoma yale maneno kwenye simu ya mtoto, nilipata mahali pa kuiweka hasira." "Kivuli nilikiona, dada. Nilikiona nikiwa nimeshasema."

Mama mdogo alitikisa kichwa, akaendelea kumenya.

Hakurudi nasi siku ile. Alirudi wiki ile ile, asubuhi, na pampu ya kupulizia mgongoni, akapita katikati ya kijiji akienda moja kwa moja shambani. Watoto walimwimbia, mama mdogo akatoka na ufagio wakatawanyika. Upande wa bondeni uliokoka. Hawakuwa marafiki tena kama zamani, na sidhani watakuwa, lakini wanasalimiana, na msimu ule walisaidiana kuokota korosho kwa zamu.

Jukwaani watu walihamia kwa jogoo mmoja aliyewika katikati ya mazishi. Niliiona ikipanda nikiwa nimesimama kwenye mashine, na mteja mbele yangu ananiita kwa mara ya pili. Nikaizima simu, nikamuuliza anataka nini. Alikuwa mama mwenye cheti cha kuzaliwa cha mwanawe, anataka nakala moja tu, na aliomba niangalie vizuri isije ikapinda.