Mwanaidi wa Pili

Kwanza tuelewane. Mie ni mtu wa utani, Pongwe nzima wanajua, na niliwahi kumwambia shemeji yangu nina mafua ya kuku ili nisifagie duka. Lakini hiki ninachokwambia sicho cha utani. Kilinikuta mwenyewe, mchana kweupe, tumboni nina chapati moja na nusu. Sikuwa na homa, sikuwa na usingizi. Kama unataka kucheka, cheka sasa hivi umalize.

Kazi yangu ni kuchapa. Shemeji, mume wa dada yangu, ana steshenari kando ya barabara ya kwenda Muheza, na mie ndiye ninayekaa kwenye kompyuta. Nimeishia darasa la saba, lakini vidole vyangu vimefika chuo kikuu. Barua, tangazo la mbuzi aliyepotea, kadi ya harusi, vyote napiga. Na nilikuwa na siri yangu ya kazi. Kuna tovuti moja ya bure, unapesti maandishi yako kwenye kisanduku, unabonyeza, maneno yote yaliyojirudia yanaondoka. Kila neno linabaki mara moja tu. Mie nikaiona mkombozi, maana kibodi yetu ni mbovu, ukibonyeza pesti mara moja inapesti mara mbili, kama imepandwa na wazimu.

Tatizo ni kwamba Kiswahili chetu chenyewe kinapenda kurudia. Fundi mmoja alitaka bango la "Tunatengeneza piki piki". Likatoka "Tunatengeneza piki". Alipokuja kugomba nikamwambia nusu nyingine atamalizia yeye, si ndiye fundi? Dereva naye alitaka "Abiria, tunakwenda pole pole", akapata "Abiria, tunakwenda pole". Tulicheka wiki nzima. Ningejua, nisingecheka.

Ilikuwa mwezi wa Shaabani, Ramadhani inakaribia, na huku kwetu ndio wakati familia zinasoma hitima kuwarehemu wazee wao. Majina ya marehemu wa ukoo yanasomwa moja moja, halafu maalimu anainua mikono, dua inaombwa. Alhamisi asubuhi akaja Bi Rehema, bibi wa upande wa pili wa reli, na karatasi ya daftari mkononi.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Weye ndiye fundi wa kuandika?"

"Ndiye mie, bibi. Fundi mpaka najiogopa."

"Usijiogope, niogope mie. Nataka majina haya uyachape, kopi ishirini, kila msomaji ashike yake. Mwaka jana maalimu kasoma peke yake, miwani ikamdondoka, karuka watu. Mwaka huu sitaki arukwe mtu."

"Harukwi mtu, bibi. Hata mbu wa hapo kwenu tutamwandika."

Akanitazama vile bibi anavyomtazama mtoto anayecheza na kiberiti. "Mie macho ya karibu sina. Majina nimemtajia mjukuu, kaandika yeye. Walio humu, anayewajua wote nimebaki peke yangu. Umenisikia?"

Nikamwambia nimesikia. Masikio yalisikia kweli.

Karatasi ilikuwa na majina matupu, bila jina la baba, maana wote wa nyumba moja. Nikaanza kupiga, nikakopi, nikapesti, kibodi ikafanya yake, nikashtuka orodha nzima imejipesti mara mbili. Yaani ukoo wa watu umekufa mara mbili. Ungekuwa wewe ungefanya nini? Ungekaa ufute moja moja. Mie nikafungua tovuti yangu, nikatumbukiza, nikabonyeza. Ikatoka orodha safi, fupi, inapendeza. Nikachapa kopi ishirini. Karatasi ya mjukuu ikabaki mezani, na mchana ule nikaitumia kufungia chapati.

Ijumaa asubuhi Bi Rehema akatuma mtu kuchukua kopi. Hitima ilikuwa siku hiyo hiyo, wakitoka msikitini wanaunganisha.

Saa saba shemeji akaenda Ijumaa. Mie nikabaki kulinda duka, ndivyo nilivyomwambia. Ukweli ni ile chapati ya jana, ilikuwa bado ina maisha. Nimeshika nusu ya pili, nikaona mlango umepata giza kidogo. Nikainua macho, kuna mwanamke.

Si mzee, si mtoto. Kajifunga kipande kimoja cha kanga, kimoja tu, nyekundu yenye maua ya korosho, kuanzia kifuani. Kichwani hana kitu, kajifunika nywele kwa viganja viwili. Sasa wewe mtu wa pwani unajua, mwanamke wa heshima hatoki hivyo hata kwenda kumwaga maji. Nikainamisha macho kwenye kibodi.

"Karibu, dada. Tunachapa, tunatoa kopi, tunapiga picha za pasipoti."

"Nimekuja kuchukua kipande changu cha pili."

"Kanga hatuuzi hapa. Jaribu duka la nguo, pale mbele."

"Sikununua kwako. Doti yangu umeikata weye."

Nikataka kumjibu jibu la kuchekesha, lilikuwa tayari ulimini. Halafu macho yakaniteremka hadi kwenye pindo la ile kanga, pale ambapo kanga zote duniani zina maandishi yake, yale tunayoyaita jina la kanga. Palikuwa peupe. Si kwamba limefifia kwa kufuliwa, hapana. Maua yanakuja yanakuja, yanafika pale, yanakwepa, kama palikatazwa.

"Dada," nikasema, na sauti haikuwa yangu, "kwani jina lako nani?"

"Mwanaidi."

"Mwanaidi yupo. Nimemwandika mwenyewe, wa kwanza kabisa juu."

"Huyo bibi yangu. Mie nilipewa jina lake. Akiitwa yeye, anaingia yeye. Mie nimeambiwa tayari nimeshaitwa, nimebaki nje."

Niamini, chapati niliirudisha mezani. Unajua sisi huku tunavyopeana majina. Mtoto wa kwanza anachukua la bibi, wa pili la babu, na akifa babu anazaliwa mwingine anapewa tena. Mle kwenye karatasi kulikuwa na Mwanaidi wawili, Bakari wawili, Saidi wawili, na wengine. Wale si maneno yaliyojirudia. Wale ni watu. Na mie nimewabonyeza.

"Uko peke yako?" nikamuuliza.

"Watazame wenzangu benchini."

Nje ya duka tuna benchi la wateja. Walikaa watano, wametulia kama wanangoja picha za pasipoti. Mzee mmoja ana kandambili mguu wa kulia, wa kushoto mtupu. Mama mmoja ana kipuli sikio moja. Kijana ana shati la mkono mmoja. Kila mmoja kapungukiwa kile kinachotakiwa kuwa viwili. Jua limesimama kichwani, na chini pale mchangani kulikuwa na kivuli cha benchi. Cha benchi peke yake.

"Nifanye nini?"

"Maalimu akishainua mikono, basi, mpaka mwaka mwingine," akasema. "Na mama mwaka mwingine..."

Hakumaliza. Hakuwa na haja. Anayewajua wote amebaki mmoja, na yule mmoja macho ya karibu hana.

Nikapepesa. Mlango mtupu, benchi tupu. Kompyuta inasema saa nane na dakika arobaini, na mie ningeapa tumeongea dakika tatu. Nikavuta kiti nichape orodha upya, umeme ukakata. Pap. Sawa. Nikajiambia, we bwana, ulifuta kwa mashine, utarudisha kwa mdomo. Nikafungua chapati, nikaichukua ile karatasi ya mjukuu. Imelowa mafuta mpaka unaona upande wa pili, lakini majina yote yapo. Nikafunga kufuli, nikakimbia.

Bodaboda hamna, wote wametoka msikitini wamekwenda kula. Nikavuka reli kwa miguu, na nakwambia, sijawahi kukimbia hivyo hata siku ile ya mbwa wa mwalimu mkuu. Nilikuwa nasema moyoni, asiinue mikono, asiinue mikono. Na hilo nalirudia makusudi.

Nimefika, turubai limejaa wanaume wamekaa mikekani, udi unafuka, wanawake wamo ndani nyuma ya pazia. Maalimu ameshika kopi yangu, anasoma la mwisho. Akaiweka chini. Akavuta pumzi. Mikono ikaanza kupanda.

"Maalimu, subiri."

Watu wote wakageuka. Mjomba mmoja wa pembeni akasema, "Huyu kaletwa na harufu ya pilau. Kaa nyuma huko, sahani ya mwisho yako."

Wakacheka, na siku nyingine ningecheka nao. "Mjomba, pilau nitakula nikialikwa. Maalimu, karatasi hiyo nimechapa mie na nimeharibu. Kuna watu sita nimewafuta."

"Umewafutaje?" maalimu akauliza, mikono ipo nusu ya njia.

"Wenye majina yanayofanana nimeacha mmoja mmoja. Mashine ilidhani wamejirudia. Kosa si la mashine. Nilitakiwa nisome, sikusoma."

Mjomba akaanza tena, "Si jina ni lile lile? Mungu anajua," na maalimu akamnyamazisha kwa kidole. Akanitazama mie, akaitazama ile karatasi inayong'aa mafuta.

"Mungu anajua," akasema. "Lakini sisi ndio tulioitwa kuwataja. Wasome."

Nikasimama katikati ya mikeka, mie wa darasa la saba, nikawasoma. Bakari wa pili. Saidi wa pili. Mwanakombo wa pili. Zubeda wa pili. Athumani wa pili. Kila jina wanaitikia, Mungu amrehemu. Nikafika la mwisho.

"Mwanaidi wa pili."

Nyuma ya pazia kikatoka kilio kimoja kifupi, kama mtu aliyekanyagwa. Pazia likafunguka, Bi Rehema akatoka mbele ya wanaume wote, hajali.

"Nilisikia Mwanaidi mmoja tu," akasema. "Nikangoja, nikangoja. Nikajiambia labda nimesinzia. Wallahi nilijiambia nimesinzia." Halafu akasema, "Mwanangu huyo. Kifungua mimba changu. Inua mikono, maalimu."

Mikono ikainuliwa. Yangu pia.

Baadaye akaniita uani. Nilijua natukanwa, nikajipanga. Akakaa kwenye kibao cha mbuzi, kile cha kukunia nazi, akanitazama sana.

"Nani kakwambia?"

Nikamweleza yote, mpaka kipande kimoja cha kanga, nyekundu, maua ya korosho. Hakushangaa. Akaingia ndani, akatoka na kitu kimekunjwa kwenye mfuko wa nailoni. Kipande kimoja cha kanga, kimechakaa, nyekundu, maua ya korosho. Pale pindoni jina lake lipo, herufi zote. Silisemi hapa, ni la kwake na mwanawe.

"Doti hii nilimnunulia mie," akasema. "Alipofariki kipande kimoja kilifunika jeneza, kikaenda naye. Hiki nimebaki nacho. Alikwambiaje? Amekuja kuchukua nini?"

"Kipande chake cha pili, bibi."

Akakikumbatia kama mtoto mchanga. Hakunitukana. Afadhali angenitukana.

Niliporudi dukani jioni shemeji alikuwa mlangoni amevimba, anauliza nani alinipa ruhusa ya kufunga. Nikamwambia nitaeleza nikishavaa. Nilikimbia peku, kandambili zangu niliziacha chini ya meza. Nikainama kuzichukua. Ilikuwepo ya kulia. Ya kushoto haikuwepo, na mpaka leo hii haijaonekana. Sikuitafuta. Ipo mguuni kwa mtu, na mtu huyo ameshaingia ndani.

Tangu siku ile nachapa kwa kidole na macho. Ile tovuti sijaifungua tena. Mteja akileta majina namsomea kwa sauti, jina kwa jina, akisema "hilo ushalisoma" namuuliza kwanza, ni neno au ni mtu? Wengine wananiona nimechanganyikiwa. Wanione.

Na wewe unayenisikiliza, ambaye unapenda mambo ya haraka kama nilivyokuwa mie, bonyeza unavyotaka kwenye matangazo ya mbuzi. Lakini siku ukiletewa majina ya watu, kaa chini usome yote, hata kama yanafanana. Maana mie nilipewa dakika chache za kuwarudisha, na anayewajua wote alikuwa bado hai kuwaitikia. Wewe sijui utapewa ngapi.