Video ya Sato na Video ya Msamaha

Mimi hasira ninazo, sikatai. Lakini siku ile pale Mirongo, ninapokaangia samaki, hazikuanza zenyewe. Nilikuwa nimeinamia karai, mteja mmoja akanishika makalio, tena huku anacheka. Mkononi nilikuwa na sato mbichi. Nikageuka, nikamchapa naye usoni, paa!

Mtu alirekodi. Ila video inaanzia kwenye sato. Mkono wa yule bwana haumo. Kufika jioni ilikuwa kwenye kila simu, wameshaiwekea na muziki. "Mume wake ana kazi!" "Mwanamke gani huyu?" Yule mteja akapewa pole utafikiri kafiwa. Hakuna aliyeuliza alikuwa amefanya nini. Iliniuma sana.

Kwetu Mkolani, jumuiya yetu ya kanisani husali nyumba kwa nyumba, na mwenye ugomvi hapokei sala kwake mpaka apatane. Zamu yangu ilikuwa imefika. Mwenyekiti wetu, mama mtu mzima, akaja na wenzake. Nikamwamkia, nikawaeleza yote. Akaguna.

"Mwanangu, tunakuamini. Ila wanaume ndivyo walivyo. Kosa limeonekana kwenye simu, basi na msamaha uonekane huko huko. Yaishe."

Nikakubali, jamani. Nilitaka sala iingie nyumbani kwangu. Nikavaa sare ya jumuiya, nikakaa kwenye kochi, binti yangu wa kidato cha pili akashika simu. "Kaka yangu, nisamehe. Shetani alinipitia." Tukarudia, maana mara ya kwanza nilikuwa nimekunja uso.

Video ikasambaa, wanajumuiya wakaja, wakasali, wakala wali. Wakanisifu kwa unyenyekevu. Na yule bwana? Yeye hata samahani ya uongo hajawahi kuniomba.

Wanasema majuto ni mjukuu. Yangu hayakungoja mjukuu. Juzi nilikuwa na binti yangu kwenye kituo cha daladala, dereva mmoja wa bodaboda akamshika kiuno. Binti akautoa ule mkono, na pale pale dereva akaanza kufoka: anajiona nani? Nikavua kandambili. Kabla sijamfikia, nikamsikia mwanangu.

"Nisamehe, kaka yangu."

Nilimgombeza njia nzima. Msamaha wa nini? Wewe umemkosea nini?

"Kwani si ndivyo tunavyofanya, mama?" akaniuliza. Wala hakuwa ananikejeli, alitaka kujua.