Mgongo wa Mama

Mwaka ule baba alipofariki, mkono wa kulia wa mama ulikataa kupanda. Ukifika usawa wa kifua ulisimama, na uso wake ukabadilika. Kusuka nywele zake, kuanika kanga, kutwanga mpunga, vyote vikawa vyangu. Nilikuwa nimemaliza darasa la saba.

Mavuno yalipokaribia tukapanda basi kutoka Kiberege hadi hospitali, Ifakara. Mama alitaka sindano. Daktari akatuelekeza chumba cha mwisho, kwa mtaalamu wa viungo, mwanamume mnene mwenye sauti ya chini.

"Shikamoo, mama," alisema, akamwomba alale kifudifudi.

Mama akanitazama. Alikuwa bado na nguo za msiba. Avue blauzi mbele ya mwanamume? Yule bwana akaelewa. Akanipa shuka nimfunike mwenyewe, tukaacha wazi mgongo wa juu tu.

"Naumwa bega, mwanangu," mama alisema. "Mgongo hauniumi."

"Najua, mama. Ila pingili hizi za uti wa mgongo zimekaza, zinalizuia bega. Ulikuwa unabeba nini kizito?"

"Mpunga."

Akaweka viganja katikati ya mabega, akabonyeza taratibu, pingili moja baada ya nyingine. Mama akaanza kulia bila sauti. Mtaalamu akaondoa mikono.

"Nimekuumiza?"

"Hapana. Endelea." Halafu akasema, uso ukiwa kwenye mto, "Haikuwa mpunga. Nilikuwa namgeuza mume wangu kitandani. Miezi saba. Hakutaka mtu mwingine amshike."

Sikujua nitazame wapi.

Tulirudi kila wiki, mara sita. Mkono ukapanda hadi sikioni, ukaishia hapo, na mtaalamu hakutudanganya kwamba utaendelea. Akanifundisha kuweka viganja vyangu palepale, nisitumie nguvu.

Basi kila tulipotoka shamba mama alilala mkekani, nami nikambonyeza. Hatukutazamana usoni, na nadhani ndiyo maana aliongea. Alinisimulia ugonjwa wa baba tangu mwanzo, mpaka akautaja kwa jina lake, jina ambalo msibani hakuna aliyelitamka.

Siku moja na mimi nikasema. Nilimwambia kwamba miezi ile, baba alipougulia chumbani, nilikuwa nachukua ndoo na kwenda kisimani hata kama maji yapo.

"Nilikuwa naona," alisema. "Ulikuwa mtoto."

Nikaendelea kumbonyeza, pingili moja baada ya nyingine. Hakuniambia niache.