Betri ya Gari Dogo

Miaka ya tisini, ukifungua boneti popote mjini Thika, wanaume walijitokeza kukufundisha habari za betri. Mmoja alikwambia usiiweke juu ya sakafu ya saruji kwa sababu saruji inafyonza moto wake. Mwingine alikwambia ikichoka iongezwe asidi, kama vile mlevi anavyotibiwa kwa pombe. Sikuwahi kumwona hata mmoja wao akiwa na gari. Mimi nilikuwa nalo, na bado niliwasikiliza.

Lilikuwa pikapu kuukuu, ya kuvuta kwa magurudumu yote manne, ambayo nilitumia kutoa nyanya shambani kwangu Ngoliba na kuzileta sokoni. Barabara yetu ilikuwa mawe na makorongo. Gari la kazi hiyo linataka betri nzito, yenye sahani nene ndani, inayojaa mahali pake na kukazwa kwa chuma isitikisike. Hayo niliyasoma mwenyewe katika kitabu cha gari, maana sekondari nilifika. Kisha nikaenda kununua betri ya gari dogo la mjini, kwa sababu ilikuwa inang'aa na muuzaji aliniita mheshimiwa.

Mahali pake ilicheza kama jino bovu. Nikaijazia kipande cha gunia pembeni, nikaifunga kwa blada, ule ukanda wa mpira unaokatwa kutoka tyubu iliyochakaa, ambao watu wetu hufungia kila kitu wasichotaka kukitengeneza. Maji yake yalipopungua niliongeza ya kisimani. Mke wangu akaniuliza kama maji tunayokataa kupikia chai kwa ajili ya chumvi ndiyo ninayolisha gari. Nikamwambia betri haina ulimi.

Halafu kulikuwa na mpira. Kila Jumamosi niliichomoa betri, nikaibeba hadi sebuleni na kuiunganisha na televisheni ndogo, majirani wakaja kutazama na kuniita mwenye mji. Tuliinyonya mpaka picha ikajikunja kuwa mstari mmoja katikati ya kioo. Jumapili niliirudisha garini, na walewale waliotazama wakanisukuma ili liwake. Niliona huo ni ujirani mwema.

Basi mwanangu wa kwanza akapata mchumba Ruiru. Mimi baba yangu alinipeleka ukweni kwa miguu, viatu tumevishika mkononi hadi karibu na boma. Nilikuwa nimejiapia kwamba wangu nitampeleka kwa gari langu, mimi mwenyewe nikiwa kwenye usukani. Ni hilo tu nililotaka siku ile ya kupeleka mahari. Mwanangu alikuja wiki hiyo akapendekeza kwa adabu kwamba tukodi gari la watu.

"Baba, hiyo betri inaweza kutuaibisha."

"Wewe shughulika na mke," nikamwambia. "Gari niachie."

Kwetu wageni wa mahari hawaingii ovyo. Lango linafungwa, wanawake wa nyumba wanasimama ndani, wenu wanasimama nje, na mnaimbiana mpaka waridhike. Nilikuwa nimepanga nisizime injini kabisa. Lakini shangazi wa msichana, mwanamke mpana aliyelishika lango kama la gereza, akasema hawezi kusikia wimbo kwa kelele za gari. Nikazima. Wanawake wetu wakaimba vizuri, lango likafunguliwa, nami nikageuza ufunguo ili niingie kwa heshima zangu.

Likasema tik, likanyamaza.

Nikageuza tena. Shangazi akaliangalia gari, akawaangalia wazee wangu waliokuwa nyuma na makoti yao, wameketi juu ya magunia.

"Hawa ndio wamekuja kuchukua msichana wetu? Wachukuliwe kwanza wao."

Walicheka wanawake wa kwao, na wa kwetu wakacheka pia. Ndugu zangu walishuka wakafungua boneti, na papo hapo kila mmoja akawa fundi. Mmoja aliokota jiwe agonge vichwa vya betri. Mwanangu alivua koti lake jipya, akalikunja, akampa mama yake, kisha akaenda nyuma kusukuma pamoja na shemeji zake. Nikaingia ukweni nikisukumwa, peke yangu kwenye usukani, kama gunia la viazi lililovishwa tai.

Baba wa msichana, mzee mkimya, alikuja akachungulia mahali ndugu zangu walipokuwa wakibishana. Blada ilikuwa imeachia, betri imelala upande juu ya gunia, vichwa vyake vimeota ukungu mweupe.

"Hapa kuku anatagia?" akaniuliza.

Mazungumzo yalipofika kwenye mbuzi, alikubali waliotajwa, kisha akaongeza sharti. Safari ijayo gari letu lizimwe langoni na kuwashwa tena kabla ya lango kufunguliwa. Wazee wangu, ambao niliwaleta mimi, walikubali huku wakifuta machozi ya kicheko.

Mwanangu alinunua betri ya kufaa. Akaikaza kwa chuma, akapaka vichwa grisi, akaleta na maji yake safi ya dukani. Mambo ya mpira, alisema, yatangoja umeme. Zaidi ya hapo hakunisema, na heri angenisema.

Asubuhi ya safari ya pili nilitoka nimevaa koti, nikamkuta ameshakaa kwenye usukani. Hakunifukuza. Aliinua tu mfuko wa sukari uliokuwa kwenye kiti cha kando ili nipate pa kukaa, akanipa niushike.

Ruiru shangazi alikuwa langoni.

"Zima," akasema. Mwanangu akazima. "Sasa washa."

Liliwaka mara moja, wanawake wakapiga vigelegele. Mimi nilikuwa nimeukumbatia ule mfuko wa sukari.