Hedifoni za Mwalimu

Dukani walimwita Masikio, naye aliitika kama mtu anayeitwa kwa cheo chake. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa akiuza hedifoni za bei mbaya katika chumba cha nyuma cha duka la vyombo vya sauti, chumba chenye zulia mpaka ukutani na viti viwili, na watu walitoka mbali kuja kukalia kile kiti cha pili. Hakuwa na maneno mengi. Alikuuliza unasikiliza nini, unakaa na nani, kichwa chako huchoka upesi au la, kisha akainuka akarudi na hedifoni moja na amplifaya moja. Mara nyingi ilikuwa hiyo hiyo, hakuna cha kurudia. Kuna waliolengwalengwa na machozi pale pale kitini, na Masikio akawageuzia mgongo akajifanya anafuta vumbi.

Kazi yenyewe, ukimwuliza, ilikuwa kuoanisha. Hedifoni nzito, ile inayotaka kusukumwa, ukiipa amplifaya dhaifu inaimba kama mtu aliyeshinda na njaa. Iliyo nyepesi ukiibebesha amplifaya yenye nguvu, utasikia mvumo kabla muziki haujaanza. Badili mito ya masikioni kutoka ngozi kwenda kitambaa, na besi inapungua. Haya yote aliyajua bila kusoma karatasi. Na juu ya yote alikuwa na sheria moja asiyoipindisha kwa yeyote: kulia ni kulia, kushoto ni kushoto. Waliorekodi muziki walijua nani wamweke wapi. Mteja aliyezivaa kinyume alivuliwa na kuvishwa upya, awe nani, na akasomewa somo juu yake.

Sasa mtu huyu alikuwa na wiki sita hajatulia. Chai inapoa mbele yake. Mguu unacheza chini ya meza. Anakaa, anainuka, anakwenda kugusa waya, anarudi, anakaa.

Yalianza na Mwalimu. Huyu mama alifundisha kwaya miaka arobaini, akastaafu, akaja dukani na ombi moja. "Nichagulie seti moja tu, mwanangu," alisema. "Sitanunua nyingine mpaka nife, kwa hiyo usinichezee." Masikio akamchagulia hedifoni nzito zilizo wazi mgongoni, zinazopumua, na amplifaya ya taa, ile yenye vibalbu vinavyowaka rangi ya chungwa na kupasha chumba joto. Waya aliuagiza kwa Fundi.

Fundi alikuwa mwanamke mwenye meza yake dirishani, upande wa karakana. Nyaya zote za duka lile zilipita mikononi mwake. Alizisuka, akazitia lehemu kwa mkono usiotetemeka, akazivuta mara mbili kuhakikisha, akazikunja. Hakupenda kusifiwa wala kuharakishwa.

Siku ya kwanza Masikio alipoijaribu ile seti, upande wa kulia ulikuwa umefifia. Haukuwa umekufa, ungekufa angejua la kufanya. Ulififia tu: matoazi yaliyorekodiwa kulia yalisikika kama yanapigwa nyumba ya pili. Akabadili mito. Akabadili taa za amplifaya, jozi tatu. Akabadili hedifoni zenyewe, ikaja nyingine kutoka ghalani, nayo vile vile, akaapa kwamba shehena nzima ni mbovu. Akaichukua seti nyumbani. Akaijaribu sebuleni, akaijaribu chumbani, na jioni moja mke wake akamkuta jikoni, amplifaya imekaa kando ya sufuria.

"Baba watoto, mpaka huku?"

"Umeme wa sebuleni mchafu."

"Basi si uuoshe," mke wake akasema, akaomba nafasi ya kukatia vitunguu.

Ukibadili kila kitu na ubovu ubaki, unabaki na kile ambacho hujakibadili. Masikio alikipata upesi: mkono wa Fundi. Mara tatu alimrudishia waya, na mara tatu Fundi aliukata, akausuka upya, akaujaribu kwa kipimo, kisha kwa masikio yake mwenyewe. "Mimi nasikia sawa," alisema kila mara. Masikio akamjibu kwamba ndiyo maana jina la Masikio hakupewa yeye. Mara ya tatu Fundi aliweka pasi yake ya lehemu chini.

"Kaka, tufanye hivi. Tuuvushe waya. Wa kulia twende nao kushoto, tuone ubovu unahama au unabaki."

Kulikuwa na wateja wanne pale, na Masikio akapandwa na hasira. "Mimi nisikilize muziki kinyumenyume? Miaka yote hii?" Akauinua ule waya wote wauone. "Dada, mkono wako umechoka. Kubali tu, yaishe."

Fundi alichukua kitambaa akafuta meza yake, ingawa ilikuwa safi.

Maneno yale hayakuishia pale. Masikio alimpigia Mwalimu akamwambia kazi imekwamishwa na fundi wa nyaya. Akamwambia na bosi. Na bosi, ambaye kwake neno la Masikio juu ya sauti lilikuwa la mwisho, akaamua Ijumaa kwamba kuanzia Jumatatu meza ya dirishani iondolewe na nyaya ziwe zinanunuliwa zilizokwisha tengenezwa. Masikio alitegemea angefarijika. Badala yake mguu ukazidi kucheza.

Jumapili asubuhi mama mkwe alikuwa amekuja kuwatembelea. Alimwangalia mkwewe akivaa na kuvua, akivaa na kuvua, mpaka uvumilivu ukamwisha.

"Hebu lete na mimi nisikie hicho kinachokukondesha."

Akazichukua, akazivaa. Akazivaa kinyume, waya unaning'inia upande usio wake. Masikio akafungua mdomo, akaufunga. Mama mkwe si mteja. Huwezi kumvua kitu kichwani ukamsomea somo. Ikabidi atulie, na kutulia kulimuuma kama jino. Mama alisikiliza wimbo wote, macho yamefumbwa, kidole kikigonga goti.

"Nzuri," alisema. "Huku nzuri, huku nzuri. Sasa ubovu uko wapi?"

"Upande wa kulia, mama. Umefifia."

"Umefifia? Wee, sikiliza tena vizuri."

Akainuka, akazunguka nyuma ya kochi, akamvisha kwa mikono yake mwenyewe, vile vile kinyume kama alivyokuwa amezivaa yeye. Masikio hakuthubutu kuzigusa. Wimbo ukaanza upya.

Matoazi yalikuja upande wa kushoto, kwa sababu sasa ndiko yaliko, na yalikuwa makali, safi, kila pigo limekamilika. Yalikuwepo siku zote. Na kinanda, ambacho kwa wiki sita kilikuwa kushoto kikimtosheleza kabisa, sasa kilikuwa kulia, kimefifia, kiko nyumba ya pili.

Ubovu haukuwa umehama.

Akazivua akazivaa sawa. Akazigeuza. Akazirudisha tena. Mtu mwingine yeyote, mtoto wa shule, dereva, mama mkwe, angezigeuza siku ya kwanza na mambo yangeisha. Ni yeye tu, bingwa wao, ambaye asingeweza. Aliogopa, na hofu yenyewe ilikuwa ya kitoto: alisugua vidole kando ya sikio la kulia, akavisugua kando ya la kushoto, akarudi kulia, kana kwamba atakuta kosa la hesabu.

"Nini tena?" mke wake akamwuliza kutoka mlangoni.

"Ni sikio," akasema. Kisha akasema jambo lililomchoma zaidi ya sikio. "Nimemchongea mtu."

Jumatatu alifika duka halijafunguliwa. Fundi alikuwa ametangulia. Alikuwa anaondoa vifaa vyake dirishani kimoja kimoja, anavipanga kwenye mfuko. Masikio alikuwa ametunga maneno mazuri njiani, na yote yakamtoka.

"Dada, ni sikio langu. La kulia. Waya wako ulikuwa mzima tangu wa kwanza."

Fundi aliendelea kukunja nyaya. "Umejuaje?"

"Niligeuza." Akaona aibu ya kulitamka neno hilo. "Nilivishwa kinyume. Na mama mkwe."

Kidogo Fundi acheke, akajizuia. Alivuta kiti akakaa, mfuko magotini.

"Pole na sikio. Hiyo nasema kwa moyo. Lakini wangapi umewaambia mkono wangu umechoka?"

"Bosi. Mwalimu. Na wale wateja."

"Bosi anakuja sasa hivi, utamwambia mbele yangu. Wateja utawatafuta. Ila anza na Mwalimu, yule anajulikana na watu wote wa muziki. Mpigie hapa hapa."

Masikio alijua anachoombwa. Mwalimu akiambiwa saa mbili asubuhi, ikifika adhuhuri kwaya zote zitajua kwamba Masikio hasikii, na nani tena atakuja kukalia kile kiti cha pili? Angeweza kusema waya umepona. Angeweza kusema ilikuwa taa ya amplifaya. Fundi alikuwa anamtazama, mkono umetulia juu ya mfuko.

Akabonyeza namba, akaweka simu sikio la kulia, kama alivyozoea maisha yake yote. Ikaita. Kisha kitu kama sauti ya mtu, mbali sana, hakieleweki. Mdomo ulikwisha kufunguka alalamikie mtandao. Akaufumba.

Akahamisha simu upande wa pili. Mwalimu alikuwa amekwisha pokea zamani, anaita haloo, haloo, mwanangu, mbona huongei?

"Nipo, Mwalimu," akasema. "Samahani, nilikuwa sikusikii."