Mke Mwenza wa Mpiga Solo

Katika bendi walimwita Solo, kwa sababu alipiga gita la solo, na kwa sababu jina lake halisi lilikuwa refu mno kwa mdomo wa kiongozi wa bendi. Amplifaya yake ilikuwa sanduku la mbao lililomkaribia umri, lenye balbu za kioo tumboni na mshikio kila upande. Mtu mmoja hakuweza kulibeba bila kukiudhi kiuno. Kwa hiyo miaka yote mshikio wa kushoto ulikuwa wa mkewe, ambaye hakuwa mwanamuziki wala hakuwahi kujifanya anaupenda muziki.

"Mke mwenzangu leo kala nini?" angeuliza wakipanda ngazi za ukumbi. "Mbona kanenepa?"

"Kaa naye vizuri," Solo angejibu. "Yeye ndiye anayetulisha."

Bendi nzima iliudaka utani huo. Amplifaya haikuwa tena "hiyo", ikawa "huyo". Iliulizwa hali, ikatumiwa salamu, na siku ilipounguza fyuzi mpiga dramu aliuliza kama huyo mama wa mbao ana mimba. Balbu zile zilitaka zipate moto kwanza ndipo zitoe sauti ya maana, na katika kuzingoja mke na mume walikaa ukingoni mwa jukwaa, wakizungumza habari za bomba linalovuja na mtoto aliyegoma kwenda shule. Nyumbani hawakupata nafasi hiyo; nyumbani kulikuwa na bomba na mtoto wenyewe.

Kisha mke akafa, kwa ugonjwa mfupi ambao daktari aliueleza kwa urefu.

Solo alijaribu kubeba peke yake, kiuno kikamwambia ukweli. Wenzake walimsaidia kwa moyo mweupe, baadaye kwa kuguna. Gari la bendi lilipobadilishwa likaja dogo, kiongozi alimwita pembeni. Mkononi alikuwa na kiboksi cha dijitali kinachoenea kwenye mkoba.

"Kaka, humu mna amplifaya zote unazozijua na usizozijua. Hata sauti ya yule wako imo."

"Imo?"

"Imo. Huyo mama mpe talaka yake kwa heshima. Jumamosi gari halina nafasi yake. Ukija naye mtakuja kwa miguu, na solo tutampa mwingine."

Neno talaka lilikuwa limeshatua ndipo kiongozi akakumbuka anasema na nani. Akakohoa. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwenye gari dogo.

Jumamosi mchana, kwenye harusi, Solo alichomeka kiboksi, akakiwasha, akaenda kukaa ukingoni mwa jukwaa. Besi likaanza, dramu zikaingia. Wimbo ukafika mahali pa solo, pakawa patupu kama pengo la jino. Watu wakaendelea kucheza, kwa kuwa walikuwa wameshiba.

"Solo, vipi?" kiongozi alinong'ona, kaziba maikrofoni kwa kiganja. "Unangoja nini?"

"Nangoja kipate moto."

"Kina moto tangu dukani, kaka. Piga."

Akasimama, akapiga. Sauti ilikuwa ileile. Hilo ndilo lililomuumiza. Alikuwa amejiandaa kwa sauti mbaya, aikatae mbele ya watu na arudi nyumbani na kisa. Aliisikiliza mpaka mwisho wa wimbo akiitafutia kosa, asilipate. Watu wakapiga makofi.

"Umeona?" kiongozi akasema. "Hakuna aliyejua."

"Hakuna," Solo akakubali.

Nyumbani alimkuta bintiye sebuleni, anafagia kulizunguka sanduku.

"Shoo imekwendaje, baba?"

"Nzuri. Kesho umwite fundi redio aje aiangalie hii, kama ataichukua."

Ufagio ukasimama. Tangu azaliwe, binti hakuwahi kumsikia baba yake akisema "hii".

"Unamuuza mama mdogo?"

"Ni amplifaya, mwanangu," alisema Solo, na kwa neno hilo akawa mgane kweli.

Binti aliuegemeza ufagio ukutani, akaenda jikoni, akakaa huko muda mrefu bila kupika kitu.