Gwaride la Mashati

Waliomzika Afande walimsifu mpaka wakaishiwa maneno. Mcha Mungu, baba wa familia, askari aliyerudi kutoka vitani na mguu mkaidi, mwanzilishi wa duka la dobi lililovalisha nusu ya mtaa. Yote kweli, hakuna aliyetia chumvi. Ila binti yake mkubwa, aliyesimama kaburini na viatu vinavyombana, aliwaza jambo moja tu: kesho nani atafungua duka? Maana akijijibu "mimi", basi ndiyo imetoka hiyo, atakufa ameshika pasi.

Ujana wake wote uliishia humo ndani. Bega la kulia lilikuwa halinyanyuki hata kuchana nywele.

Afande alijifunza kupiga pasi jeshini, na jeshi halikumtoka. Kila jioni mashati yote yalitundikwa kwenye kamba, naye akapita mbele yake mikono nyuma, kimya, kama anakagua vijana wapya. Lenye mkunjo alilishusha. Hakugomba mtu. Alilipiga pasi mwenyewe, midomo ikicheza kwa dua, na ole wako umsemeshe. Saa ya sala ikifika pasi zote zilizimwa, hata kama bwana harusi amesimama kaunta na fulana. Mungu hasubirishwi, alisema, bwana harusi ataoa tu.

Nyumbani vilevile. Hujatandika kitanda, chai huioni. Lakini mtoto akishikwa na homa, yeye ndiye aliyekaa naye, akimpepea na kumwombea mpaka jasho litoke.

Miaka ya mwisho mkono ukaanza kumtetemeka. Mashati aliyoyashusha ayanyooshe yakawa yanarudi kambani na mikunjo mingi kuliko mwanzo. Sasa nani amfunge paka kengele? Mzee akishaingia chumba cha nyuma kusali, binti aliyachukua, akayarudia haraka haraka na lile bega lake bovu, akayatundika palepale. Baba akitoka anayatazama, anaguna, wanafunga duka. Ikawa ndio mchezo wa kila jioni, funika kombe mwanaharamu apite.

Wafiwa walipobaki peke yao sebuleni, mdogo wake wa kiume, mtu wa ofisini mwenye mikono laini, akajikohoza.

"Dada, duka lisife. Ndilo kumbukumbu ya mzee. Na bahati nzuri wewe unalipenda."

"Nani kakwambia nalipenda?"

Mama yao akainua uso. "Hulipendi?"

"Nimechoka, Mama. Nimechoka tangu wanangu hawajaota meno. Nilikuwa nabaki kwa ajili yake tu. Ningeondoka angevunjika moyo."

Mama akajifuta macho kwa ncha ya mtandio.

"Baba yako alitaka kufunga tangu mkono ulipoanza kumsumbua. Kila akivua viatu, 'Nimechoka, mama watoto.' Nikamwambia, funga basi, nani kakushikilia? Akasema, 'Nitafungaje? Yule mtoto nikienda kusali anarudia mpaka mashati yangu. Anaipenda kazi ile kuliko mimi. Nikifunga nitamuua.'"

"Kumbe alijua?"

"Alikuwa askari, mwanangu. Hakuwa kipofu."

Binti akataka kucheka, kikatoka kilio, cha kwanza tangu msiba uingie. Alimlilia baba yake, na alilia kwa hasira vilevile. Jamani, watu wawili wanashinda chumba kimoja, moshi wa pasi mmoja, kila mmoja anajikongoja kwa ajili ya mwenzake, na hakuna aliyefungua mdomo. Heshima nyingine ni mzigo.

Mdogo wake akatazama huku na huku, hajui ashike lipi.

"Kwa hiyo kesho nani anafungua?"

"Hakuna," akajibu mama. "Hebu inuka kwenye kochi, dada yako alale."